Balbu ya Chumba cha Uani

Swali hilo lilikuwa likiulizwa dukani kwa Testa karibu kila siku, na kila siku alilijibu kwa kukunja uso. Mtu anaingia na balbu iliyoungua, ameizungushia gazeti, anailaza juu ya kaunta na kuuliza, "Fundi, hivi hii mtu hawezi kuitengeneza mwenyewe nyumbani? Nimeona kwenye simu wanaifungua kwa kisu tu." Testa anaitazama balbu, anamtazama mwenye balbu, kisha anasema, "Inatengenezeka. Mimi sitengenezi, na wewe usitengeneze. Nunua mpya." Wengine walimwona mchoyo wa ujuzi, wengine walisema anataka tu kuuza zake. Waseme. Mtu ambaye mdogo wake alikutwa amekufa chini ya balbu aliyokuwa akiitengeneza hana shida ya kupendwa na wateja.

Mdogo wake huyo walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mikono haitulii, kila kilichoharibika alitaka kukifungua aone tumbo lake. Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Watu wa msibani wakakubali haraka, maana swichi ya chumba ilikutwa imezimwa, na nani asiyejua kwamba swichi ikizimwa hakuna umeme? Walisema kijana aliteleza pale kitandani aliposimama, akashtuka, moyo ukamzimikia. Testa, fundi wa umeme mwenye duka lake, alikubali pamoja nao. Miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita na hajakanyaga chumba kile. Alikuja kumjulia hali mama yake kila wiki, akakaa sebuleni, akanywa chai akiangalia barabarani, akaaga.

Alasiri moja mama akapiga simu. Mama hakuwa mtu wa simu. Akipiga ujue kuna jambo.

"Taa ya chumba cha mdogo wako imekufa," alisema. "Njoo uitengeneze."

"Nitakuletea mpya, mama. Ninazo nzuri kabisa."

"Sijakuomba mpya. Nimekuomba uitengeneze hiyo hiyo. Na usije na nyingine mfukoni, nakujua."

Akakata. Testa alibaki ameshika simu, mteja mbele yake anagonga kaunta kwa kidole. Alifunga duka mapema siku hiyo, akachukua mkoba wake wa vifaa, na kwa kuwa ni kweli mama yake alimjua, akatia balbu mpya mfukoni.

Mama alikuwa akiishi kwa kupiga pasi nguo za watu. Sebule yote ilikuwa imemezwa na kazi hiyo: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, vikapu vya nguo zilizofuliwa, mashati yaliyotundikwa kwenye misumari ukutani yakiwa yamekaza mabega, na ile harufu ya pamba iliyopata moto ambayo Testa alikua nayo hadi akaacha kuisikia. Kando ya pasi lilikaa bakuli la maji na kitambaa cha kuloweshea.

"Umekuja na nini mfukoni?" mama aliuliza kabla hajaitikia salamu.

"Vifaa tu."

"Toa nivione."

Testa akaitoa balbu mpya shingo upande. Mama akaipokea, akaichimbia chini ya mashuka kikapuni, akapapasa juu yake kama anayemlaza mtoto. Kisha akazima pasi na kutangulia uani.

Chumba cha Kitinda kilikuwa cha peke yake nyuma ya nyumba, kimeongezwa zamani, nafasi ilipowabana. Dirisha lake lilikuwa dogo na lilitazamana na ukuta wa jirani, kwa hiyo jioni iliingia humo mapema kuliko kwingine kote. Kitanda cha chuma. Godoro limetandikwa shuka safi. Kwenye kamba yalining'inia mashati matano ya marehemu, yamenyooka, kola zimekaa sawasawa, na Testa alipopita karibu nayo alihisi uvuguvugu. Aligusa mkono wa moja. Lilikuwa limetoka kwenye pasi siku hiyo hiyo.

"Unayapiga pasi?"

"Yanapata mikunjo," mama alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Testa aliuachia mkono wa shati. Alipandisha macho juu, na balbu ilikuwa pale pale, kwenye holda yake ya zamani, inaning'inia chini ya dari juu ya kitanda. Ilikuwa moja ya hizi balbu nyeupe za siku hizi, yenye kifuniko cha plastiki. Kitinda alikuwa amekivua kifuniko kile siku ile. Mjomba mmoja alikirudisha wakati wa msiba, kwa kuwa mama alikataa taa iondolewe.

"Keti," mama alisema. "Kuna jambo sijakuambia, kwa sababu utanicheka."

Testa akakaa ukingoni mwa kitanda. Mama akabaki amesimama, mkono juu ya swichi.

"Taa hii nikiizima haizimiki yote. Inabaki na nuru kidogo sana, kama jicho la mtu anayesinzia. Tangu afariki. Zamani sikuwahi kuiona, lakini zamani sikuwa nikikaa humu. Jioni naingia kabla giza halijakolea, nazima, nasubiri. Nuru ikijitokeza namwomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Siku ile alitaka kuja dukani kwako kuchukua balbu nyingine. Mimi nikamwambia amwache kaka yake afanye kazi. Nikamwambia, mtoto wa fundi anakimbilia balbu mpya? Itengeneze mwenyewe. Tena nikamcheka. Akapasha msumari jikoni, maana alitaka kuyeyushia risasi ya kulehemu, akachukua kitambaa changu pale kwenye bakuli ashikie msumari usimuunguze. Nikamwona anapita nacho kinadondosha maji. Nikasikia kitanda kikilia alipopanda. Sikusikia kingine."

Testa aliyajua mengi ya siku ile, lakini hilo la mama kumcheka hakuwahi kulisikia. Aliinamisha kichwa.

"Nimekuja kuingia, giza limeanza, nikawasha swichi nione yuko wapi," mama aliendelea. "Ikawaka. Alikuwa ameiweza, unaelewa? Balbu aliitengeneza na ikawaka vizuri, na yeye yuko chini hapo ulipoweka miguu."

Testa aliivuta miguu yake pasipo kujijua.

"Juzi nimekaa, nimemwomba radhi kama kawaida. Ikatetemeka. Nikasema, mwanangu, sema neno. Ikafa. Sasa siku mbili sili nikashiba. Amekataa. Amechoka kunisikia, amekataa." Sauti yake haikupanda wala kushuka, alikuwa akitoa taarifa. "Itengeneze. Ikirudi nijue hajakataa. Isiporudi nijue pia."

Fundi mwingine angetoa hotuba hapo, kwamba balbu ni kifaa na marehemu ni marehemu. Testa hotuba hiyo alikuwa nayo kichwani, tena imepangika, lakini aliangalia mashati matano kwenye kamba na ikamkauka mdomoni. Akazima swichi, akavuta stuli iliyokuwa pembeni akapanda, akaishika balbu kwenye plastiki yake. Ilikuwa imekazana kwenye holda hata akaelewa kwa nini Kitinda, mvivu wa kuhangaika, aliamua kuitengeneza ikiwa huko huko juu. Alitumia koleo na uvumilivu, ikatoka.

Wakarudi sebuleni. Mama akamsafishia kona ya meza ya pasi, akasimama nyuma ya bega lake kumwangalia. Testa alipitisha bisibisi nyembamba kuzunguka ukingo wa kifuniko, kikachomoka. Ndani kulikuwa na kisahani cha bati, na juu yake zile punje za manjano zinazotoa mwanga, kumi na mbili, zimepangwa duara. Balbu hizi zina ubaya mmoja: punje zake zimeshikana mikono, moja ikiungua, mduara mzima unazimika. Iliyoungua utaijua kwa nukta nyeusi katikati. Ukiikwangua na kuunganisha pande zake mbili kwa tone la risasi, kumi na moja zilizobaki zinawaka tena. Hiyo ndiyo siri yote wanayoitafuta kwenye simu.

Tone la Kitinda lilikuwepo. Tone nene, bovu, limemwagikia pembeni, kazi ya msumari uliopashwa jikoni. Testa alilipitishia ncha ya kidole. Kama kijana angemletea kazi ile dukani, angemtania wiki nzima, kisha angempa chuma cha kulehemu amfundishe. Punje ya jirani yake ndiyo iliyokuwa na nukta nyeusi sasa. Ilikuwa imebeba mzigo wa mwenzake miezi kumi na mmoja ikachoka.

"Umeona tatizo?" mama aliuliza.

"Nimeliona. Imeungua punje nyingine. Ni kawaida, mama. Ukiziba moja, zilizobaki zinapata moto zaidi. Ndiyo maana ilitetemeka."

"Kwa hiyo itarudi?"

"Itarudi."

Alipasha chuma chake, akakwangua, akatia tone lake dogo na safi kando ya lile la mdogo wake. Kisha akafanya jambo ambalo Kitinda hakulijua, akakata kijipande kimoja kwenye kisahani ili umeme upungue na zilizobaki zipumue. Akaijaribu pale pale mezani kwenye holda yake ya majaribio. Ikawaka. Mama akamshika bega.

Walirudi chumbani. Jua lilikuwa bado barabarani, lakini humo ndani tayari mtu alibidi akaze macho. Swichi ilikuwa imezimwa kama alivyoiacha. Testa akapanda stuli, akaipachika balbu kwenye holda, akaizungusha ikakamata.

Na mkononi mwake, swichi ikiwa imezimwa, balbu ikafungua jicho.

Ilikuwa nuru dhaifu mno, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, haikutosha kumwonyesha hata kidole chake. Ilikuwepo tu. Testa aliduwaa juu ya stuli, mkono hewani. Alijua hadithi za mizimu walizosimulia mama zake wadogo na nyanya zake, alizicheka tangu akiwa na miaka kumi. Sasa alisimama pale mtu mzima, kwenye chumba chenye mashati yenye uvuguvugu wa mtu, na kwa muda wa pumzi mbili tatu aliamini. Aliamini kabisa. Nusura aseme, "Kitinda, ni wewe?"

"Umeiona," mama alisema chini yake. "Hajakataa."

Alikuwa akilia, na uso wake ulikuwa umelegea namna ambayo Testa hakuwa ameuona tangu msiba. Akajifuta kwa kanga. "Ngoja nikanawe uso. Nimalizie na shati la mwalimu, atalipitia sasa hivi. Kisha nitakuja kukaa naye."

Akatoka. Testa akashuka kwenye stuli, na pumzi zilipomrudi, ufundi nao ukarudi, na hapo ndipo ulipoanza woga wenyewe.

Maana jambo lile halikuwa geni kwake. Balbu hizi nyeupe zina njaa ndogo sana. Umeme kiduchu ukizifikia, zinatoa nuru hata swichi ikiwa imezimwa. Na umeme huo unazifikia kwa njia mbili. Ama swichi ni ile yenye kitaa chekundu cha kuionyesha gizani, na hii haikuwa nacho. Ama swichi inakata waya usiopaswa kukatwa. Kwenye kila taa kuna waya mbili: wa moto unaoleta umeme na nyutro unaourudisha. Swichi inatakiwa kukata wa moto. Ikikata nyutro taa inazimika vizuri tu, hakuna atakayejua, lakini moto unabaki umekaa pale kwenye holda unasubiri mtu.

Testa akatoa mfukoni mwa shati ile bisibisi yenye kitaa mpinini, ambayo mafundi huiita testa na ambayo ndiyo iliyompa jina. Akapanda tena. Akaitoa balbu, akaangalia swichi mara mbili kuwa imezimwa, akagusisha ncha kwenye mguu wa kwanza wa holda. Kitaa kikawaka. Mguu wa pili, kikawaka pia kwa unyonge. Alirudia mara tatu, nne, kama mtu anayepekua mfuko aliokwisha kuupekua. Bora lingekuwa jini.

Alikaa kitandani. Kijana amesimama juu ya kitanda cha chuma, miguu mitupu, miguu ya kitanda iko kwenye saruji. Ameshika msumari kwa kitambaa kinachodondosha maji. Amezima swichi kwanza, kwa sababu hakuwa mjinga, alikuwa mtoto wa fundi. Kisha amegusa kisahani.

Na waya za humu nani alizifunga?

Baba yao, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kufuata rangi za waya. Alinunua waya za mabaki, leo mbili nyeusi, kesho mbili za kijani, kwa hiyo alijitungia utaratibu wake: waya wa moto anaupiga fundo mwishoni. Penye fundo pana moto. Ukifanya kazi na mzee yule hukuuliza wala hukupima, ulitafuta fundo. Testa mwenyewe alianza kutembea na kifaa cha kupimia baadaye sana, alipokwenda kufanya kazi kwa watu wengine na kuona kwamba hawana mafundo.

Chumba hiki walikifunga waya pamoja, Testa akiwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa upande wa pili wa ukuta anapigilia boksi la kuunganishia waya. Testa alikuwa humu, anavuta waya mbili nyeusi kutoka kwenye bomba la plastiki lililokunjwa penye kona. Fundo likakwama kwenye kona. Akavuta, likagoma. Akazunguka upande wa pili baba alipokwenda kunywa maji, akazivuta waya nyuma, akalifungua fundo, akarudi, akavuta, waya zote mbili zikaja mara moja zikalala kiganjani mwake, nyeusi kwa nyeusi. Ilikuwepo njia ya kujua ni upi. Angemwita baba. Lakini kumwita baba kulikuwa ni kutukanwa mbele ya jirani waliyekuwa wakimsikia anaosha vyombo, na chakula kilikuwa kinanukia. Akachagua mmoja, akaupiga fundo. Baba akaja, akaliona fundo, akafunga swichi. Wakawasha meni, swichi kuu ya nyumba, taa ikawaka, baba akasema, "Safi." Testa akala, akalala, akasahau.

Miaka yote ile alisahau. Hakuwahi hata siku moja kulikumbuka, na sasa kumbukumbu yenyewe ilikuwa imekamilika, hadi sauti ya sahani za jirani.

Akainuka. Mikono ilijua kazi hata kama yeye hakujua cha kufanya na nafsi yake. Alikwenda kuzima meni swichi, akamwambia mama kwa mbali kwamba anaangalia waya kidogo, mama akasema pasi alishamaliza nayo. Akafungua boksi juu ya mlango. Fundo lake lilikuwepo, dogo, limekaza, limeshika vumbi. Alilikata na kulitia mfukoni. Akabadilisha waya, moto ukaenda kwenye swichi, nyutro ukaenda kwenye taa, akapima mara mbili, akarudisha meni, akapachika balbu. Alipowasha, chumba kikajaa mwanga. Alipozima, kikawa giza tupu, na balbu juu ikawa plastiki.

Na hapo shetani akamletea wazo, tena wazo la kifundi. Mkobani alikuwa na swichi mpya ya kitaa chekundu. Akiifunga hiyo, umeme kiduchu utapita kwenye kile kitaa hadi kwenye balbu, na jicho litarudi. Kazi ya dakika tano. Mama angeingia, angeiona nuru yake, angejua amesamehewa, na hakuna mtu duniani angekufa wala kujua. Testa aliitoa swichi ile, akaishika kiganjani. Alikwisha kulegeza skrubu moja ya swichi ya zamani aliposikia kandambili za mama uani.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

Testa alikuwa ameiwasha taa tena apate kuona. Mama amenawa, amebadilisha kanga. Akapita mbele yake, akakaa kitandani mahali pake, akakunja mikono mapajani. "Hata kama bado," alisema. "Ananisikia." Akapandisha uso kwenye balbu. "Mwanangu. Nimerudi. Kaka yako ameitengeneza, umemwona. Nisamehe, baba. Mimi ndiye niliyekutuma, na mimi ndiye niliyekucheka. Kitambaa kilikuwa changu. Nisamehe mama yako."

Alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi mpaka yamelainika. Testa aliyasikiliza akiwa amesimama nyuma ya mlango na bisibisi mkononi, na aliona kwamba akiifunga ile swichi, mama atayasema kesho, na kesho kutwa, na mwakani, hadi siku atakapozikwa nayo. Akaiweka swichi mpya chini sakafuni.

"Mama, usimwombe radhi."

"Niache."

"Si wewe. Ile nuru ilikuwa umeme. Waya za humu zilifungwa vibaya. Swichi ilikuwa inazima taa lakini moto unabaki juu. Yeye alizima akajua yuko salama. Hakuwa salama. Hata angetumia kitambaa kikavu, siku moja angegusa tu."

Mama hakugeuka. Mtu akafungua bomba nyumba ya jirani, akalifunga.

"Waya za humu alizifunga baba yako," mama alisema.

Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi mbele ya Testa, mpana, na marehemu hajibu. Angesema "ndiyo" na ingekuwa kweli. Alijisikia akifungua mdomo kuisema.

"Baba ndiye aliyefunga," alisema. "Lakini alifuata fundo, na fundo nilipiga mimi. Nililifungua likapita kwenye bomba, nikalipiga upya kwa kubahatisha. Sikumwita. Niliogopa kutukanwa."

"Umelijua lini hili?"

"Leo. Sasa hivi, ulipokwenda kunawa."

"Mwaka mzima hukuingia humu."

"Sikuingia."

"Ungeingia siku ya kwanza ungeiona ile nuru. Ungejua."

"Ningejua," Testa alisema. Alikuwa analia, na hakujifuta.

Mama akasimama. Alikwenda kwenye kamba ya mashati, akanyoosha kola moja iliyokuwa imenyooka tayari, akateremsha mikono yake miwili juu ya shati hadi kwenye pindo. Testa alingoja apigwe. Angefurahi kupigwa.

"Miezi kumi na mmoja," mama alisema. "Namwomba radhi ya kosa lako."

"Ndiyo, mama."

"Zima taa."

Testa akazima. Nje jua lilikuwa limeondoka ukutani kwa jirani, na chumba kikaingia gizani moja kwa moja. Walitazama juu wote wawili. Mama alingoja muda mrefu, mrefu kupita kiasi, na Testa, aliyejua kwa ufundi wake wote kwamba hakuna kitakachotokea, alingoja naye. Palikuwa peusi.

"Ameondoka," mama alisema.

"Mama, hakuwa yeye. Ulikuwa ni umeme tu."

"Usinifundishe." Sauti ilikuwa karibu naye sasa. Mkono wake ukamshika kiwiko, mkavu na wenye joto la pasi, ukamwongoza hatua mbili, ukamsukuma chini mpaka akakaa kitandani, mahali ambapo shuka lilikuwa bado na uvuguvugu wake. "Mimi nimekaa hapa nikasema yangu. Nimemaliza. Sema na wewe."

"Niseme na nani? Hakuna kitu pale."

"Mimi nilikuwa na nuru. Wewe huna. Utasema hivyo hivyo."

Akatoka, akauvuta mlango ukafunga. Kandambili hazikwenda mbali. Testa alikaa gizani, magoti pamoja, mashati upande wake wa kushoto yakitoa harufu ya pamba. Alitazama mahali balbu ilipo, kisha akaona hakuna maana, akatazama sakafu, ambayo nayo haikuonekana. Kisha aliita jina halisi la mdogo wake, lile alilopewa alipozaliwa ambalo hawakulitumia, na akaanza kumweleza kuhusu ile siku ya bomba, kwa kunong'ona.

"Sikusikii," mama alisema nje ya mlango. "Anza upya."